Mlango wa Nyuma Kushoto

Mama Fyuzi alianza na fyuzi. Kila gari alilianza hivyo, na ndivyo alivyopata jina. Watani wake gerejini walisema hata ukimletea pancha ataomba kwanza kuona boksi la fyuzi. Akalifungua la gari hili chini ya usukani, akazichomoa moja moja, akaziinua kwenye mwanga, akazirudisha. Zote zilikuwa nzima. Gari lenyewe lilikuwa la zamani, la rangi ya maziwa, la watu wanaojua kutunza vitu. Viti vyake vilivaa vitambaa vilivyoshonwa nyumbani, vikakaa sawasawa kama shati la mtu nadhifu. Milango yote ilikuwa imefungwa, na taa ya ndani, ile ndogo ya darini inayowaka mlango ukifunguliwa, ilikuwa inawaka mchana kweupe.

Mwenye gari alikuwa kinyozi. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, nywele za watu zikiwa bado zimemganda mikononi. Kama vinyozi wengi alikuwa hodari wa mazungumzo, kwa hiyo Mama Fyuzi alimwacha aseme huku yeye akitafuta bisibisi.

"Ni swichi, fundi," alisema kinyozi. "Ile ya mlango wa nyuma kushoto. Tangu niko mtoto mlango ule hauwashi taa. Marehemu baba alikuwa anasema ipo siku ataitengeneza, siku yenyewe haikufika. Sasa mama yangu macho yamechoka, akishuka jioni haoni anapokanyaga. Nikasema hebu niweke mpya. Jamaa mmoja akaniwekea. Tangu hapo taa haizimi. Kila asubuhi betri iko hoi. Juzi nimelisukuma gari na mteja wangu, kichwa chake nimekinyoa nusu."

"Ile swichi ya zamani iko wapi?"

"Aliitupia humo kwenye kisahani cha majivu."

Mama Fyuzi akaitoa. Kibonyezo chake kilikuwa kimekandamizwa hadi chini, kikafungwa kwa uzi mweusi ili kisichomoze tena. Alishaona mengi ya namna hiyo. Mafundi wa zamani walikuwa na ujanja wao, na yeye mwenyewe alishakuta swichi zilizobanwa kwa njiti za kiberiti na kwa chingamu. Akaitia kwenye mfuko wa ovaroli, akaendelea na kazi.

Taa za namna hii hazina elimu kubwa. Kwenye fremu ya kila mlango kuna kibonyezo kidogo. Mlango ukifunguliwa kinachomoza na taa inawaka. Mlango ukifungwa kinabanwa na taa inazima. Taa haijui kama ni usiku au mchana, wala nani kapanda na nani kashuka. Inajua tu kwamba kuna mlango uko wazi au hakuna. Mama Fyuzi alipenda kuzitengeneza kwa sababu hiyo, kwamba hazina maneno mengi.

Alichomoa nyaya za vibonyezo mmoja mmoja. Wa mlango wa dereva, taa ikaendelea kuwaka. Wa abiria wa mbele, vilevile. Wa nyuma kulia, vilevile. Alipochomoa wa nyuma kushoto, taa ikazima. Kwa hiyo ugonjwa alishaujua ulikolala. Akaitoa ile swichi mpya, akaipima kwa mita ya umeme juu ya meza, akaibonyeza na kuiachia mpaka kidole kikachoka. Ilikuwa nzima kabisa. Akairudisha, akapaka grisi kidogo kwenye ncha ya kibonyezo, akafunga mlango, akaufungua tena. Grisi ilikuwa imeacha alama kwenye mlango, maana yake mlango ulikuwa unakigusa na kukibana inavyotakiwa. Akaufunga tena, na taa ikaendelea kuwaka.

Kilichobaki ni kuingia ndani. Akakaa kiti cha nyuma, upande wa kulia, akavuta milango yote, akatega sikio. Wakati mwingine swichi mbovu hulia kidogo, mlio mwembamba kama wa mbu.

Hakusikia mbu. Alisikia upepo ukiingia kutoka kushoto, ingawa mlango wa kushoto ulikuwa umefungwa na kioo kimepandishwa. Upepo ulikuja na harufu ya sabuni ya mche na udongo ulionyunyiziwa maji. Jani kavu la mpera likaanguka juu ya kiti kando yake. Mahali fulani karibu mtu alikuwa anafagia kwa ufagio wa njiti, na redio ya jirani ilikuwa inaimba, ikikoroma kidogo kwenye sauti za chini. Mwanamume mmoja alikuwa anakaza kamba juu ya paa la gari huku akiguna. Halafu geti la bati likafungwa na komeo likaanguka mahali pake. Baada ya hapo zikaja hatua za mtoto kwenye changarawe, za kandambili, mguu mmoja ukiburuza. Zikafika mpaka kwenye mlango wa kushoto, zikasimama. Hapakutokea kingine. Mtoto alikuwa anahema pale mlangoni, kama mtu aliyekimbia na sasa anangoja.

Mama Fyuzi alisikiliza mpaka akaridhika, kisha akashuka na kufuta mikono.

"Swichi haina tatizo," alimwambia kinyozi. "Mlango uko wazi."

Kinyozi akautazama. "Si huu hapa umefungwa."

"Hapa umefungwa. Kule uko wazi."

"Kule wapi?"

"Kuna mpera. Kuna mtu anafagia, na redio inaimba. Halafu geti linafungwa, mtoto anakuja mpaka mlangoni, anasimama."

Kinyozi akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya tairi.

"Ana kandambili?" aliuliza baadaye.

"Anazo. Moja inaburuza."

"Iliungwa kwa waya, ndiyo maana," kinyozi alisema. "Ni Mdogo huyo."

Mdogo alikuwa mtoto wa mama mdogo wa kinyozi. Mama mdogo alipofariki, mtoto aliletwa na mfuko mmoja wa nguo, akaungana na kinyozi na dada yake. Kwa maneno ya nyumbani alikuwa dada yao basi, wala hakuna aliyesema vinginevyo. Alilingana na kinyozi kwa kimo. Alimfundisha kupiga mluzi kwa kuweka vidole viwili mdomoni, na alikuwa akikubali makosa ya kinyozi kuwa yake kabla hata hajaulizwa. Kinyozi hakuwahi kumpenda mtu kwa urahisi vile tena, na alisema hivyo pale juu ya tairi, bila kuona haya, kwa mwanamke aliyemfahamu asubuhi ileile. Ila watoto wa kuzaliwa walirukia tu garini wakitaka. Mdogo alikuwa anasimama mlangoni mpaka mama yao amwambie, "Panda." Kinyozi alikuwa hajawahi kulifikiria jambo hilo hadi siku hiyo.

Siku waliyohama ndiyo siku iliyokuwa ndani ya gari. Baba alipata kazi mji mwingine. Cherehani ya mama ilipewa kiti cha mbele kwa sababu haikupaswa kutikisika, na mama akakaa nyuma na watoto. Baba hakuwa mtu wa kugeuza shingo kuhesabu watu. Tangu walinunue gari hilo alikuwa anaangalia taa ya ndani tu. Ikizima, anajua wote wamo na milango imefungwa, anaondoka. Asubuhi ile Mdogo alitumwa kufunga geti, mlango wa nyuma kushoto ukiachwa wazi kumngoja. Kinyozi alikuwa amelala mapajani mwa mama yake. Alipoamka walikuwa wamesimama kwenye kituo cha mafuta, mbali sana, na kiti cha dirishani kilikuwa na mfuko wa mito.

Baba alisema hawawezi kurudi, kesho yake anatakiwa kazini. Watamfuata mwisho wa mwezi. Jirani akatuma salamu kwamba mtoto yuko kwake, hajambo, anakula. Miisho ya miezi ikaja ikapita, kila mmoja na sababu yake. Halafu jirani naye akahama, na hakuna aliyejua amekwenda upande gani. Kinyozi alipokuwa mtu mzima alirudi kuulizia. Nyumba ilikuwa imegeuzwa bohari ya unga, na mtaa mzima ulikuwa wa watu wapya. Baba yake alikufa akisema neno lilelile: "Taa ilizima. Nilijua wote wamo."

Kinyozi alifungua mlango wa kushoto. Nje yake palikuwa na gereji, na rundo la betri zilizokufa. Akaufunga, akaingia kwa upande wa pili, akakaa. Mama Fyuzi alimwona kupitia kioo akisikiliza, kisha akasogeza mdomo. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimemwambia apande," alisema. "Hasogei."

"Hakujui."

"Ananijua. Sauti hii ndiyo haijui. Mimi kwake ni mtoto."

"Basi mlete mama yako," alisema Mama Fyuzi, na akaenda kuchukua chaja. Kama taa ingezima kwa betri kufa, hakuna aliyejua mlango ule ungekuwaje, na yeye hakuwa mtu wa kubahatisha. Aliunganisha chaja kwenye betri, akaiacha ikinguruma taratibu.

Mama wa kinyozi alifika alasiri, kikongwe msafi aliyenukia manukato hafifu, sindano mbili zimechomekwa kwenye kilemba. Alikuwa amestaafu ushonaji, lakini sindano hazikustaafu. Mama Fyuzi alimwamkia, akaitikiwa "Marahaba, mwanangu" kwa sauti ya upole kabisa, kisha akamshika mkono kumpandisha. Bibi akakaa kulia. Upande wa kushoto hakuugusa. Aliposikia ufagio akafumba macho, na uso wake wote ukalegea.

"Huyo ni jirani," alisema. "Akimaliza kufagia atamwaga maji kwenye maua. Ndiyo hayo. Sasa ataimba, na ataimba vibaya."

Jirani akaimba, vibaya. Bibi akacheka kimya kimya mpaka mabega yakatikisika.

Akawa anakuja kila alasiri. Kinyozi alianza kufunga kibanda mapema, na wateja wake wakazoea kumfuata gerejini kumwomba ahadi za kesho. Mama na mwana walikaa ndani ya gari lililofungwa milango na taa yake ikiwaka, wakisikiliza asubuhi moja. Bibi alitaja vitu kama anayepanga vyombo kabatini: hilo bati la jikoni, lilikuwa linalia jua likilipata, hiyo ni kamba ya nguo, nguzo yake ilikuwa imeinama, huyo kuku si wetu, wa kwetu alikuwa na sauti nzito. Kinyozi alimngoja baba yake. Alisikia viatu vyake vikizunguka gari, kamba ikikazwa, ule mguno wake wa kila mara alipoinua mkono, na hapo alikuwa anaweka kiganja darini mwa gari, upande ambao baba yake alikuwa juu. Wakati mwingine majani ya mpera yaliingia mengi, Mama Fyuzi akayafagia baadaye pamoja na vumbi la gereji.

Yeye pia alianza kukaa mle akikosa kazi. Haikuwa nyumba yake wala mtaa wake, lakini kila aliyewahi kuhama ana asubuhi ya namna ile, na aliposikia ufagio ule alimkumbuka mama yake mwenyewe kwa nguvu iliyomuumiza. Hakulalamika. Alikunywa chai yake mle, akatoka na kurudi kwenye mota za vifuta-kioo za watu.

Kila mara ilifika zile hatua. Geti, komeo, changarawe, kandambili inayoburuza, kimya. Zikifika, kinyozi alimtazama mama yake. Bibi alikuwa anaanza kutafuta mkoba wake wakati huo, au anamwomba mwanawe kiberiti kisichohitajika na mtu yeyote, au anasema mgongo umechoka, leo tuishie hapa.

"Huyo ni Mdogo," alimwambia Mama Fyuzi siku moja, kama mtu anayemtambulisha mgeni. "Mtoto wa mdogo wangu. Mtoto mzuri, alikuwa hana kelele. Mpaka leo sijui ile taa ilizimaje na mlango haujafungwa."

Mama Fyuzi alijua taa hizo huzimaje. Ama mlango umefungwa, ama kibonyezo kimebanwa na kitu kingine. Alifungua mdomo aseme hivyo, halafu akaona ni maelezo ya kazi tu, hayana haraka.

Alasiri iliyofuata bibi aliona mfuko wa ovaroli yake hauna kifungo.

"Mwanamke mzima unatembea na mfuko wazi," alisema. "Sogea hapa."

Mama Fyuzi akainama dirishani. Bibi akachomoa sindano kwenye kilemba, akatoa kwenye mkoba kifungo na uzi mweusi, akashona bila kutazama, mikono ikijua njia. Alipomaliza aliuzungusha uzi shinani, akaupitisha chini yake wenyewe, akauvuta upande mpaka fundo likalala ubavu kama punje ya mchele. Akaukata kwa meno. Kazi ilikuwa safi. Mama Fyuzi akashukuru, akajaribu kifungo kwa kukifunga na kukifungua, na kidole chake kikagusa kitu mfukoni.

Ilikuwa ile swichi ya zamani, aliyokuwa ameisahau. Akaenda nayo kwenye meza ya kazi, chini ya taa. Uzi mweusi ulikuwa umezungushwa shinani mwa kibonyezo, ukapitishwa chini yake wenyewe, ukavutwa upande. Fundo lilikuwa limelala ubavu. Lilikuwa limefungwa kwa utulivu, na mtu aliyekuwa na muda, kabla ya safari kuanza.

Kisha akamwita kinyozi, akamwekea kiganjani. Kinyozi aliigeuza, akaigeuza tena. Akafungua kifungo cha mkono wa shati lake, akakitazama kwa nyuma. Mashati yake yote, tangu la kwanza la shule, yalikuwa na fundo lile.

"Mama hushona hivi," alisema.

"Nimeona."

"Kwa hiyo mlango haukufungwa, aliushikilia kwa mkono. Mpaka barabarani."

"Lazima iwe hivyo," alisema Mama Fyuzi.

Kinyozi akaitia swichi mfukoni. Ndani ya gari bibi alikuwa amefumba macho, kichwa kikifuata wimbo wa redio taratibu. Ungemwona ungempenda. Kinyozi alimpenda, hata wakati ule, na hilo ndilo lililomtesa. Alikwenda akakaa kiti cha mbele, pale pa cherehani, akageuza shingo, jambo ambalo baba yake hakuwahi kufanya.

"Mama," alisema, "leo mwambie apande."

"Nani?"

"Mdogo. Anakuja sasa hivi. Mimi nimemwambia mara nyingi, hasikii sauti yangu."

"Sauti yako imekuwa nzito."

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Neno moja tu, mama. Atapanda."

Bibi akalainisha kitambaa cha kiti kwa kiganja. Nje ya mlango wa kushoto jirani alikuwa anamwaga maji kwenye maua.

"Ile nyumba ya kazini ilikuwa na vyumba viwili," alisema.

"Ile tulishahama, mama. Mimi nina chumba kizima nimewekea viti vibovu vya saluni. Navitoa leo hii. Kitanda kipo."

"Na baba yako alikuwa na mshahara wa mtu mmoja."

"Baba amekufa."

"Najua amekufa. Nilikuwepo." Akamtazama mwanawe kwa huruma, kama amemkuta na homa. "Unahangaika sana na mambo ya zamani, wewe. Hebu ngoja kwanza huyu amalize kuimba."

Wakangoja jirani amalize kuimba. Mama Fyuzi alikuwa amesimama kando ya gari, mkono juu ya chaja. Baba akakaza kamba ya mwisho. Geti likafungwa, komeo likaanguka, na hatua zikaja kwa mbio juu ya changarawe, kandambili moja ikiburuza, mpaka mlangoni. Zikasimama. Walimsikia akihema. Kinyozi alishika kiti kwa mikono miwili. Hakuwahi kutaka kitu maishani kama alivyotaka mama yake afungue mdomo.

Bibi akafungua mdomo. Aligeukia kiti kitupu cha kushoto, akainama kidogo, kama mtu anavyoinama kuongea na mtoto, na uso wake ulikuwa mwema.

"Gari limejaa, mwanangu," alisema. "Kaa hapo kwa jirani. Tutakufuata."

"Ndiyo, Mama Mkubwa," ikasema sauti ya mtoto.

Ilikuwa sauti yenye adabu, haina kinyongo, na kinyozi akaitambua hadi kwenye mifupa. Hatua zikageuka. Zilirudi polepole juu ya changarawe, zikafika kwenye geti, komeo likainuliwa, likaanguka tena. Redio ikakatika katikati ya wimbo. Upepo ukaacha kuingia, na ndani ya gari pakabaki harufu ya petroli na manukato ya bibi. Taa ikazima.

Mama Fyuzi akachomoa chaja. Akazunguka gari akifungua na kufunga kila mlango, kwa kuwa ndivyo kazi inavyomalizwa. Kila mlango uliofunguliwa uliwasha taa, kila uliofungwa uliizima, wa nyuma kushoto kama mingine.

"Imepona?" aliuliza bibi, akiwa ameshashuka na kujinyoosha mgongo.

"Imepona, mama."

"Mungu akubarikie mikono. Na mimi nitaona pa kukanyaga." Akaenda kunawa kwenye bomba la nyuma ya gereji.

Kinyozi alikuwa bado kiti cha mbele. "Fundi," alisema, "unaweza kuurudisha ule ubovu?"

Mama Fyuzi alikuwa na jibu la kawaida la utani kwa watu waliouliza maswali ya ajabu, lakini hakulitumia. Aliichomoa swichi mpya, akaifuta, akairudisha. Akaigeuza. Akaondoa waya wa betri, akauweka tena. Akapaka grisi, akafuta grisi. Akafunga milango yote wakasubiri wote wawili, wakitazama juu. Taa haikuwaka.

"Hakuna mlango ulio wazi," alisema mwishowe.

"Hata kule?"

"Hata kule."

Akamwacha, akaenda kuviringisha waya wa chaja, taratibu kuliko ilivyohitajika. Kutoka pale alimwona kinyozi akihamia kiti cha nyuma, upande wa kulia, akifunga mlango. Halafu akaelekea kushoto, akaiminya sauti yake kwa koo lote mpaka ikawa nyembamba, sauti ya mtoto wa darasa la pili ikitoka kwa mwanamume mwenye mvi ndevuni, akasema, "Panda, Mdogo." Akangoja. Akasema tena, na safari ya tatu sauti ikamkatikia. Akaweka vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi.

Bibi akarudi kutoka bombani akijipangusa mikono kwa ncha ya mtandio. Alisimama kwenye mlango wa nyuma kushoto, akagonga kioo kwa pete. Kinyozi akanyoosha mkono, akamfungulia. Taa ikawaka. Mama yake akapanda, akakaa dirishani, akavuta mlango, na taa ikazima kama inavyotakiwa.